Damu ya Ndama Asiyezaliwa

Mbuzi akichinjwa kwa Bismillahi, nyama yake ni halali na uhai wake umekwisha. Ndivyo nilivyofundishwa madrasa, na sina shaka nalo. Kazi yangu lakini huanzia hapo hapo. Mchinjaji hunipa ovari za mbuzi jike, nazitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, na zikifika maabara mna mayai hai ndani yake. Mama keshatundikwa buchani.

Yai hilo bado changa, haliwezi kupokea mbegu ya beberu. Tunalilaza katika kioevu cha virutubisho, ndani ya inkubeta ya nyuzi joto 38.5, kwa muda wa kama siku nzima. Tunatia homoni, na mara nyingine sisteamini kidogo sana, ili yai lijitengenezee glutathioni ya kulikinga na madhara ya oksijeni. Seli zinazolizunguka hutanuka, kisha yai husukuma nje kiseli kidogo: limekomaa. Hakuna kati yetu aliyeliamuru. Sisi tumelisha tu, na kulisha kiumbe cha Mungu ni jambo jema. Wanaoniuliza kama tunashindana na Muumba nawajibu hivyo. Hata Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997, lilipoharamisha kumnakili binadamu, liliruhusu mbinu hizo kwa mimea na wanyama, ndani ya mipaka ya sharia na kwa manufaa.

Kinachonikosesha usingizi ni chakula chenyewe. Mara nyingi sehemu yake moja katika kumi ni seramu ya ndama aliye tumboni. Ng'ombe mwenye mimba akishachinjwa, kijusi hutolewa, sindano ikachomwa moyoni mwake na damu ikafyonzwa. Moyo huo huenda bado unapiga.

Sisi Mashafii tunashika Hadithi isemayo kuwa kuchinjwa kwa mama kunamtosha mwana aliye tumboni. Imamu Abu Hanifa hakukubali. Lakini wanazuoni walizungumzia nyama ya kuliwa, na kijusi kinachotoka kikiwa na uhai thabiti sharti kichinjwe chenyewe. Mwenzangu mmoja husema damu hiyo hatuinywi, basi dhambi iko wapi? Katika suala la najisi namkubalia. Mimi nauliza habari ya maumivu. Mtume ametuagiza kunoa kisu na kumpumzisha mnyama tunayemchinja. Agizo hilo, kwa maoni yangu, linamfikia na huyu ambaye hajaonja hata maziwa ya mama yake. Kumlisha mmoja aliye mwanzoni mwa uhai kwa kumkamua mwingine aliye mwanzoni vile vile, bila hata kujiuliza, si elimu ninayoitaka.

Na njia nyingine ipo. Mbuzi jike aliye kwenye joto hutolewa damu kidogo kwenye mshipa wa shingo, kisha anarudi malishoni. Seramu yake imekwishatumika kukomaza mayai ya mbuzi. Wapo pia wanaotumia polivinili alkoholi, isiyotoka kwa mnyama yeyote. Ndugu zangu wa maabara, kabla ya kuagiza chupa nyingine ya seramu ya ndama, ijaribuni hiyo ya mbuzi kwanza, na katika ripoti zenu andikeni wazi damu imetoka kwa nani na imetolewaje.