Udhu wa Kata na Udhu wa Mfereji

 

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Qur'ani kuwa kila kilicho hai amekijaalia kwa maji, na kuwa maji hayo huyateremsha kwa kipimo maalumu. Tena ametuuliza swali la kutikisa nyoyo: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea mengine? Swali hilo twalisoma mara nyingi, lakini ni wachache wanaolizingatia.

Katika kila mafungu 100 ya maji yaliyoko duniani, kiasi cha 97 ni ya chumvi. Katika hayo machache yaliyosalia, mengi yameganda barafu. Mwaka 2018 mji wa Cape Town, wenye utajiri na wahandisi wengi, ulikaribia kufungiwa mifereji, na kila mkaazi akaamriwa asipite lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga. Na Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walihesabu kuwa mwaka 2022 watu milioni 2,200 hawakuwa na maji ya kunywa yenye kuaminika majumbani mwao.

Nasi wa Mombasa tusidhani hayo ni mambo ya wengine. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari, na visima vyake vingi vimeingia chumvi. Maji tunayoyanywa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hayo nayo hayatoshi, na kila mmoja wetu ajua mtaa ambao mfereji wake hulia upepo siku kadha wa kadha, na watu wakangojea mikokoteni ya madumu.

Wazee wetu walitawadha birikani. Maji yalitekwa kisimani kwa nguvu za mikono, yakatiwa birikani, na mtu akachota kwa kata ya kifuu. Huko Lamu waliweka na visamaki ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu. Mwenye kuteka hajui kumwaga, kwani mkono wake waijua thamani ya kila kata. Kisha ukaja mfereji, nayo ni neema ya Mungu wala hatuilaumu. Lakini mfereji umetuondolea kipimo. Mtu huufungua akiwa angali akunja mikono ya kanzu, akazungumza na mwenziwe habari za sokoni, na maji yanakwenda.

Ilhali imethubutu kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo kwa kipimo cha madhehebu yetu haifiki lita moja, na akikoga kwa mudi nne hata tano. Asiyesadiki tofauti iliyopo na atie ndoo chini ya mfereji anapotawadha, kisha aitazame amalizapo.

Wako wasemao: "Hii ni ibada, na katika ibada hakuna israfu." Maneno haya hayana asili. Mtume (S.A.W.) aliweka mpaka wa mara tatu, na mwenye kuuvuka akamhesabu kuwa amefanya vibaya na amedhulumu. Na yule akoshaye mguu mara saba kwa kuwa moyo wake haujatua, huo si uchaji. Ni wasiwasi, na wasiwasi ni wa shetani.

Wengine husema: "Maji ni ya msikiti, simlipi mtu." Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa kuzidisha juu ya mara tatu ni karaha kwa maji yako mwenyewe, bali kwa maji ya wakfu ni haramu. Basi mtu aweza kuingia msikitini kutafuta thawabu, akatoka udhuni na dhambi kabla hajapiga takbiri.

Na zaidi ya huyo ni yule atoboaye bomba usiku akajivutia maji yasiyopita mitani. Maji hayo ni ya kughusubu. Wanavyuoni walio wengi wamesema udhu wake wasihi lakini yeye ni mwenye dhambi. Na kwa Mahanbali udhu huo hausihi kabisa. Akitoka hapo akayauza kwa jirani mwenye kiu kwa bei aitakayo, amekusanya dhuluma mbili. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokuta kisima cha Ruma kule Madina maji yake yauzwa, alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu, tajiri na maskini wakanywa sawasawa. Sisi leo tuna visima vya wakfu vya mababa zetu vilivyofukiwa kwa taka, na vingine vimejengewa maduka!

Twawaomba wasimamizi wa misikiti mambo manne. Kwanza, warejeze birika au vyombo vidogo vya kutawadhia. Pili, mfereji unaovuja utengenezwe siku hiyo hiyo, usingoje mchango wa Ramadhani. Tatu, maji ya mvua yapitayo juu ya mapaa yakingwe. Nne, visima vya wakfu vihesabiwe, vifukuliwe na vilindwe. Na kila baba awafunze wanawe kutawadha kwa kopo moja, naye aanze mwenyewe.

Hatuna haja ya kungoja ukame ndipo tutoke uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, na huku nyuma yetu mifereji ya misikiti yatiririka. Mwenye kuomba neema na aihifadhi kwanza ile aliyopewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru.