Haki ya Kiumbe Haingoji Matengenezo

Imetujia barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, ambaye biashara imemweka Lwakhakha, mji mdogo ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, chini ya mlima Elgon, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Barua yenyewe yahusu samaki, wala si samaki wa kuliwa. Huenda msomaji akacheka na kusema: Waislamu wana mashaka yote haya, nanyi mwakaa darasani mkijadili samaki wa kutazamwa? Twamwomba asubiri mpaka mwisho, kwani swali hili ni dogo kwa umbo tu.

Ndugu huyu alinunua sanduku la kioo la kufugia samaki, lililokwisha kutumika, ili watoto wake wapate kutazama maumbile ya Mwenyezi Mungu. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni zima. Urefu wake ni sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Likijaa lachukua lita 162, yaani maji peke yake yana uzito wa kilo 162. Alipolijaza, likavuja katika pembe mbili. Na samaki wanane wa dhahabu alikuwa amekwisha kuwaagiza, wakamfikia siku ya pili yake. Akawatia katika ndoo ya lita 20, kwa maji yaliyotoka mferejini saa ile ile, akawapa chakula kingi kwa kuwahurumia, kisha akashughulika na kioo chake. Siku ya saba walikuwa wamesalia watatu. Sasa auliza: Je, nina dhambi, hali nia yangu ilikuwa njema na nilikuwa katika kuwatengenezea nyumba? Au niseme ni kudra ya Mungu, nisijisumbue?

Kwanza tuseme juu ya kufuga kwenyewe. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Abu Umair, mtoto mdogo nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kijidege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimjua kijidege huyo wala hakumkataza. Wanazuoni wamechukua katika kisa hicho ruhusa ya kumweka kiumbe nyumbani kwa kujiliwaza. Lakini imepokewa pia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Tukiziweka hadithi hizi mbili pamoja twaona jambo wazi: kufunga si haramu kwa nafsi yake, bali anayemfunga kiumbe humwondolea njia zake za kujitafutia, na tangu saa hiyo njia hizo huwa deni juu ya shingo ya mwenye kufunga.

Basi deni hilo laanza lini? Hapa ndipo penye kiini cha swali. Ndugu yetu alidhani kwamba wajibu wake utaanza sanduku litakapokwisha kutengenezwa, na kwamba siku za katikati ni siku za udhuru. Sisi twaona kinyume. Samaki hajui kwamba nyumba yake yatengenezwa. Yeye avuta pumzi leo, katika maji ya leo. Tena siku za katikati ndizo zilizo na hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu makazi ni madogo na akili ya mwenyewe iko kwingine.

Na sababu ya mauti yao si siri. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu kwake mwenyewe. Mitoni na maziwani maji ni mengi, na wako vijidudu wasioonekana kwa macho ambao huigeuza sumu hiyo ikawa nyepesi. Katika chombo kipya vijidudu hao hawajazaliana. Huchukua majuma manne mpaka sita hivi. Chakula kingi huongeza uchafu, na maji ya mferejini mara nyingi yana klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Lililotakiwa halikuwa kubwa: kuchelewesha samaki ikiwezekana, ikiwa haiwezekani, kuwatia katika pipa au beseni pana lisilowahi kutiwa sabuni, pamoja na pampu ndogo ya hewa, kuwaombea kwa mfugaji mwingine kipande cha sifongo kilichokwisha kukaa katika chujio lake, chenye vijidudu hao, kutumia maji yaliyoondolewa klorini, kubadili sehemu ya maji kila siku, na kuwapa chakula haba.

Ama kioo chenyewe hakitaki haraka. Gundi ya zamani hukwanguliwa yote kwa wembe, kwani silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Kioo hufutwa kwa spiriti. Hupakwa silikoni tupu isiyotiwa dawa ya ukungu. Huachwa siku mbili au zaidi. Kisha hujazwa maji bila ya samaki na kuangaliwa. Mwenye kujua haya atajua mapema kuwa siku za katikati zitakuwa nyingi, naye atazitengenezea.

Je, alikuwa hajui? Ndivyo, na asiyejua si sawa na yule mwanamke, aliyeona njaa ya paka kwa macho yake. Lakini ndugu yetu aliuliza bei ya sanduku, akauliza bei ya gundi, akauliza nauli ya samaki. Juu ya maji hakumwuliza mtu. Kutojua kwa mtu awezaye kuuliza ni nusu ya udhuru tu. Na kudra tusiitwike makosa yetu. Yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, Mtume alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ategemee.

Wala muuzaji hatumsahau. Mtume alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni na kukuta imelowa kwa chini, alimkataa mwenye kudanganya. Kuficha pembe inayovuja ni mlango ule ule.

Uko mfano bora wa siku za katikati zilizotunzwa. Katika bonde la Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo aishiye katika manyunyu ya maporomoko peke yake. Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwenda kutoa umeme, manyunyu yakakauka, na karibu vyura 500 wakapelekwa Marekani, wakawekwa katika vyombo vya kioo. Wengi walikufa mwanzoni, kisha watunzaji wakajifunza, wakazaana. Huku nyuma bonde likatiwa mabomba ya kunyunyiza. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni. Miaka 12 ya katikati! Lau watunzaji wangalisema kuwa wajibu wao ni nyumba tu, nyumba ingalikwisha na wenyewe hawapo.

Sasa, ewe uliyecheka mwanzo, tazama miji yetu. Twachanga miaka kujenga chuo kipya cha Kurani, na watoto wa miaka hiyo twawaacha wasome katika kibanda chenye joto, kwa mwalimu asiyelipwa, tukisema: ngojeni jengo likamilike. Mtoto wa miaka saba hangoji. Jengo likikamilika yeye ana kumi na mitano. Twamweka yatima kwa jamaa mpaka mirathi igawanywe, na hapana aulizaye amelala wapi jana. Nia njema tunayo, na ramani tunayo, ndoo hatuiangalii.

Kwa ndugu yetu wa Lwakhakha twasema: watano wamekwisha kwenda, leta istighfari wala usikate tamaa. Watatu waliosalia ndio swali lako leo. Watazame kabla hujashika gundi. Na ukiona huwezi, wape mwenye kuweza, nayo si aibu. Wallahu aalam.