Amana ya Kalamu

Mwenye kuandika maisha ya mtu mwingine amekabidhiwa amana. Shaaban Robert (1909–1962) aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja. Maisha yake mwenyewe aliyawekea kitabu kingine. Kutenga huko kunatufunza. Tukianza kwa sauti ya shahidi, katikati tukageuka wahubiri, na mwishoni tukajisifu, msomaji hajui tena habari ni ya nani. Hilo si kosa la ufundi tu, bali ni dhuluma. Kwani anayesimuliwa huenda amekwisha fariki, kama Siti alivyofariki mwaka 1950, na marehemu hawezi kudai haki yake. Basi kila sentensi tuiulize: yamtumikia nani?