Jina la Mungu Si la Kuchezewa

Yako mambo ambayo Mkristu aweza kujifunza kwa Wayahudi, na moja ni jinsi wanavyoliheshimu jina la Mungu. Mwandishi wao anayenakili Torati kwa mkono, akifika penye jina hilo, hutamka kwanza kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake. Akisha kuanza hasimami katikati. Mapokeo yao yasema kwamba hata mfalme akimsalimu wakati ule, asimjibu mpaka amalize. Akikosea neno jingine, aweza kuukwangua wino na kuandika upya. Bali jina la Mungu likishaandikwa halifutwi. Na kitabu kikichakaa, hakitupwi jalalani, ila huwekwa mahali pa pekee au huzikwa kama mtu azikwavyo.

Katika sinagogi ya Ben Ezra, mjini Kairo, palikuwa na chumba cha namna hiyo. Karatasi zilirundikana humo kwa karne nyingi, hata mwalimu mmoja wa Cambridge, Solomon Schechter, alipofika mwaka 1896 akakuta hazina kubwa. Vipande kama 193,000 vilipelekwa Uingereza. Si vitabu vya sala tu vilivyokuwamo, bali na barua za wafanyabiashara, hati za ndoa na hesabu za madeni. Karatasi yo yote yenye herufi za Kiebrania iliweza kuwa na jina la Mungu ndani yake, na watu wale hawakutaka likanyagwe.

Kama walivyo katika kuandika, ndivyo walivyo katika kutamka. Jina lile la herufi nne, ambalo Mungu alimfunulia Musa penye kijiti kilichowaka moto, kuhani mkuu alilitamka Hekaluni siku ya Upatanisho. Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, sauti ile ikanyamaza. Tangu zamani Myahudi asomaye Maandiko, akilifikia jina hilo, husema Adonai, yaani Bwana.

Tusidhani kwamba habari hii haituhusu. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani waliweka neno Kyrios. Walatini wakaweka Dominus. Nasi katika Kiswahili twasoma Bwana. Mitume nao walimpa Yesu Kristu jina hilo hilo la Bwana, wakakiri hivyo kwamba yeye ni Mungu. Ndiyo sababu tarehe 29 Juni 2008, kwa agizo la Papa Benedikto wa 16, Roma iliwaandikia Maaskofu wa dunia nzima kwamba jina lile la herufi nne lisitamkwe katika liturujia, wala katika nyimbo, wala katika sala. Palikuwa na nyimbo zilizolitumia, zikabidi zibadilishwe. Kanisa halikuzua neno jipya. Lililinda desturi ya kale iliyotangulia hata Injili.

Labda mtu atauliza: Je, Bwana wetu hakutufundisha kumwita Mungu Baba? Mbona basi tuogope kama watumwa? Swali hili ni jema, na jibu lake tunalo nyumbani mwetu. Katika makabila yetu mengi mtoto hamwiti baba yake kwa jina lake, wala mke hatamki ovyo jina la baba mkwe. Je, mtoto huyo hampendi babaye? Ampenda sana, na kwa sababu hiyo jina lake halichezei. Basi kumwita Mungu Baba hakuondoi heshima, bali kwaiongeza. Kwa hiyo ombi la kwanza katika sala aliyotufundisha Mwokozi ni kwamba jina la Baba litukuzwe, nalo latangulia hata ombi la chakula.

Majirani zetu Waislamu nao watupa mfano. Washairi wa pwani tangu zamani walianza tenzi zao kwa jina la Mungu, na mpaka leo Mwislamu mwenye adabu huiokota karatasi yenye jina hilo akiikuta chini. Sisi je? Twaona majani ya misale na ya vitabu vya katekisimu yakifungia karanga sokoni. Kitabu kitakatifu kilichochakaa chapasa kuchomwa moto kwa heshima au kuzikwa ardhini. Kazi hiyo si ngumu, hata mtoto wa shule aweza kuifanya.

Lakini liko kosa lililo baya kuliko la karatasi. Wino hukaa juu ya karatasi tu, bali kiapo cha uwongo humwangukia mtu. Muuzaji aapa kwa Mungu kwamba bei aliyonunulia ni hiyo, kumbe sivyo. Shahidi ashika Biblia mbele ya hakimu, amwita Mungu amsaidie, kisha asema uwongo; na kwa maneno yake mjane apoteza shamba, au mtu asiye na hatia aingia gerezani. Huyo hakulitaja jina la Mungu bure tu. Amelitumia kama silaha ya kumwibia maskini. Sheria ya Kanisa yasema wazi kwamba kiapo ni kumwita Mungu awe shahidi wa ukweli, na kwamba hakiruhusiwi ila katika ukweli, busara na haki. Nayo Injili yatuagiza kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Mtu ambaye maneno yake ya kila siku ni kweli hahitaji kuapa sokoni.

Yatupasa basi tuanze nyumbani. Wazazi wawakataze watoto kuapa katika michezo, nao wenyewe waache kuapa katika ugomvi. Tuinamishe kichwa tunapolitaja jina la Yesu, kama Mtaguso wa Lyon ulivyoagiza mwaka 1274. Na zile sifa tunazozisali baada ya Baraka ya Sakramenti Kuu, tukumbuke kwamba Padre Luigi Felici alizitunga mwaka 1797 ili kufidia matukano na makufuru. Tuzisali kwa nia hiyo.

Na ye yote aliyemdhulumu mwenzake kwa kiapo cha uwongo, asidhani kwamba yatosha kuinamisha kichwa kanisani. Aende kuungama, tena amrudishie mwenziwe haki yake. Hapo ndipo jina la Mungu litakapotukuzwa kinywani mwake.