Je, Mdudu Anayekula Mizizi Ana Hatia?

Mwaka 1479, wadudu waliokuwa wakitafuna mizizi ya mazao katika mashamba ya Bern, Uswisi, walishtakiwa mbele ya mahakama ya Askofu wa Lausanne. Inaaminika walikuwa mabuu wa mbawakawa. Padri aliwasomea hati: wahame, la sivyo wafike mahakamani wajibu. Waliwekewa hata wakili. Upande wa mashtaka ulidai kwamba hawakuwamo katika safina ya Nuhu. Mwishowe walilaaniwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nao wakaendelea kula.

Watu wa Bern hawakuwa wakifanya mchezo. Waliona chakula chao kikiisha chini ya ardhi, mahali ambapo jicho wala jembe havifiki kwa wakati, nao walitaka haki. Ila haki hudai mkosaji.

Je, mdudu anaweza kukosa?

Madhara yake hayana ubishi. Buu wa mbawakawa hukaa udongoni miaka mitatu au minne, akikata vijizizi vinavyonyonya maji. Mmea hunyauka mchana ilhali udongo una unyevu. Mkulima humwagilia zaidi, kisha akiuvuta unang'oka bila kukaza. Afrika Mashariki, wakulima wanamjua fukusi wa viazi vitamu. Jike hutaga mayai kwenye shina na kwenye viazi vilivyo karibu na uso wa ardhi, mabuu wakaanguliwa na kutoboa vijia ndani. Kiazi hujihami kwa kutengeneza kemikali chungu, hata sehemu ambayo mdudu hajaigusa ikawa hailiki. Kwa familia inayotegemea shamba hilo, huko ni kulala njaa.

Hata hivyo, madhara si hatia. Hatia huanzia kwa anayejua na kuchagua, na fukusi hajui kwamba kiazi kina mwenyewe. Mwanateolojia Mkristo Thomas wa Akwino aliliona hilo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kesi ya Bern. Katika kitabu chake Summa Theologiae alifundisha kwamba kumlaani kiumbe asiye na akili kwa vile alivyo ni kazi bure, na kumlaani kama kiumbe cha Mungu ni kumkufuru Muumba.

Waislamu nao wana hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya nabii aliyeumwa na sisimizi akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Mungu alimlaumu: kwa sababu ya mmoja aliyemuuma, ameteketeza umma unaomtukuza Mola wake. Lawama haikuwa juu ya kujikinga. Ilikuwa juu ya kuvuka kipimo.

Kipimo hicho kilivukwa katika karne ya 20. Sumu za aldrini na dieldrini zilitiwa udongoni kuua mchwa na wadudu wa mizizi. Hazikuishia kwao. Zilidumu ardhini kwa miaka na kujikusanya katika mafuta ya miili ya wanyama na ya binadamu, hadi Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaziweka miongoni mwa kemikali 12 za kwanza ulizozidhibiti. Askofu aliwahukumu mabuu peke yao, sumu haikubagua.

Mkulima ana haki ya kumuua fukusi, kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Lakini haki hiyo inamdai amjue kwanza anayemuua. Fukusi hana nguvu ya kuchimba udongo: hufikia viazi kupitia nyufa. Kupandishia udongo kwenye matuta humfungia njia. Kupanda marando safi, kubadilisha zao na kuvuna kabla kiangazi hakijapasua ardhi hupunguza uharibifu. Kazi hizi zinataka jasho na kurudi shambani mara kwa mara. Anayezifanya analinda chakula chake bila kuhitaji kumfanya mdudu mwenye dhambi, na bila kuwaadhibu viumbe wengine wa udongo ambao hawajagusa hata kiazi kimoja.