Mgeni wa Sultani



Huko Unguja, nje kidogo ya Mji Mkongwe, ipo nyumba kubwa iliyojengwa yapata mwaka 1860 kwa ajili ya Sultani Majid bin Said. Watu huiita Nyumba ya Livingstone, ingawa Daktari Livingstone alikaa Unguja majuma machache tu, mwanzoni mwa mwaka 1866, akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara.

Nyumba hiyo yatuuliza swali gumu. Livingstone alikuwa adui wa biashara ya watumwa. Sultani aliyempa makao, pamoja na barua ya kumtambulisha huko bara, alipata ushuru kwa watumwa walioingizwa Unguja. Siku hizo hizo Livingstone alikwenda sokoni akakuta watu kama 300 wakiuzwa, kisha akarudi kulala katika nyumba ya Sultani. Je, alifanya vema?

Wako watakaosema kwamba ilimpasa akatae. Lakini bila msaada wa Sultani asingalifika mbali. Wengine watasema kwamba aliyepokea hisani na anyamaze, maana kumkemea aliyekufadhili ni fadhila za punda.

Mimi naona kwamba kosa lingalikuwa katika kunyamaza. Mwaka 1871, huko Nyangwe, watu wa mfanya biashara aliyemtendea wema waliwaua wenyeji wengi sokoni mbele ya macho yake. Livingstone aliandika yote aliyoyaona. Habari hizo zilipofika Uingereza zilisaidia kuleta mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliolifunga soko la Unguja. Yeye alikuwa amekwisha kufariki mwezi mmoja kabla.

Hata hivyo tusimsafishe mno. Yeye alitoka Unguja kwa heshima. Wale 300 walitoka sokoni wakiwa mali ya watu. Hisani ya mwenye nguvu mara nyingi hulipwa na mtu asiyekuwapo mezani.

Nasi, tupokeapo mchango wa mabati ya kanisa, au mkubwa fulani amtafutiapo mtoto wetu kazi, tujiulize mambo mawili. Ni nani hasa aliyeilipia zawadi hii? Na kesho, je, nitaweza kumwambia kweli yeye aliyenipa? Kama hatuwezi, basi tusiseme tumefadhiliwa. Tumenunuliwa.