Tuko Pamoja Wapi?

Ujumbe wa ibada ya Jumapili. Masomo: Yeremia 23:33-38, Nehemia 5:1-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mliokuwa ibadani mnakumbuka kwamba nikishasema hivyo nilinyamaza. Mkaitikia "Amina." Nikasema tena, mkaitikia kwa nguvu zaidi, na ndugu wa kinanda akatia ile sauti yake. Ndipo nikawauliza: asifiwe kwa lipi? Mkacheka. Kusema kweli hata mimi sikuwa na jibu karibu. Mdomo ulikuwa umefika kabla yangu.

Jambo hili lilianzia nyumbani kwangu. Binti yangu yuko shule ya upili, na Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta na karatasi ya matangazo, nyuma yake amechora vijistari vingi kama mtu anayehesabu magunia yakipakiwa kwa lori. Nikafurahi, nikidhani ameandika mahubiri. Nikamwuliza ni nini. Akasita kidogo, kisha akasema, "Baba, hizi ni 'mwambie jirani yako'." Zilikuwa 23. Chini yake kulikuwa na mstari wa "nikimalizia", nao ulikuwa na 7. Mstari wa tatu ulikuwa wa "nani ananisikia aseme Amina", na huo aliuacha katikati kwa sababu mkono ulichoka. Mama yake aliondoka jikoni haraka akaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Nilikasirika. Lakini wiki hiyo nikaanza kusikiliza, na nikajua kwa nini vijana wetu wanaangaliana. Tunasimama kutoa ushuhuda na kila mtu anaanza vilevile, kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata kama jambo alilotendewa na Mungu ni la ajabu na halifanani na la mtu mwingine. Tunaomba, na neno "Baba" linaingia kila baada ya maneno mawili: Baba tunakuja Baba mbele zako Baba. Hebu jaribu leo jioni mezani kwa baba yako wa kukuzaa: "Baba nipe Baba hiyo chumvi Baba." Atakuuliza kama una homa. Na sisi wachungaji tukikosa la kusema tunawaambia mwambie jirani, ili tupate nafasi ya kuangalia karatasi. Nimeungama.

Sasa, kama jambo lingeishia kwamba maneno haya yanachosha masikio, nisingelileta madhabahuni. Masikio yamevumilia mengi. Kilichonileta ni Yeremia 23, sura ambayo nimeisoma miaka mingi bila kuona kinachosemwa mwishoni mwake.

Katika Kiebrania kuna neno moja, massa, lenye maana mbili. Ni mzigo, ule wa kumtwika punda. Tena ni ujumbe ambao nabii amepewa na Mungu, kwa sababu ujumbe huo ulimlemea nabii kweli. Isaya na Habakuki wanalitumia hivyo. Lilikuwa neno zito. Lakini kufikia siku za Yeremia pale Yerusalemu, wakati Babeli inakaribia, lilikuwa limeshuka likawa msemo wa mjini. Nabii alikuwa nalo, kuhani alikuwa nalo, mtu wa kawaida alikuwa nalo. Wakimwona Yeremia anapita wanamwuliza, haya, mzigo wa Bwana leo ni upi? Na unasikia kabisa wanatania, maana mtu anayetaka jibu haulizi hivyo.

Mungu akafanya nini? Akalipiga marufuku. Soma mwenyewe mstari wa 34 hadi wa 38. Neno hilo lilikuwa la kweli, na manabii wa kweli walikuwa wamelitumia, lakini Mungu akasema msilitaje tena. Badala yake waulizane kwa lugha ya kawaida tu: Mungu amejibu nini? Mungu amesema nini? Yaani rudini mwulize swali ambalo mtalazimika kungoja jibu lake.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kwa sababu neno "mzigo" tunalo sisi pia. Ndugu anasimama: Bwana amenipa mzigo wa vijana. Dada anasimama: nina mzigo wa wajane. Na mimi pia nimewahi kusema nina mzigo wa mtaa huu, nikashuka madhabahuni nikaenda nyumbani mabega yakiwa mepesi kabisa.

Basi nije kwa lililonichoma. Mwenyewe amenipa ruhusa kulisema, jina lake nikaliacha.

Kuna dada katika kanisa letu anayeuza mitumba sokoni. Mama yake ni mgonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, lazima afikishwe hospitali alazwe kwa mashine ya kusafisha damu. Mashine yenyewe inachukua karibu saa nne. Ongeza safari, ongeza foleni, ongeza ule udhaifu wa mgonjwa akishatolewa, siku nzima imekwisha. Alhamisi ndiyo siku ya soko. Kwa hiyo siku ambayo wenzake wanauza, kibanda chake kimefungwa, na pesa za nauli ya mama zinatakiwa zitoke kwa kibanda hichohicho. Alikuwa ametueleza haya yote kwa grupu ya WhatsApp. Zaidi ya mara moja.

Jumapili moja nilikuwa mlangoni nawasalimia watu wakitoka. Akafika, nikamshika mkono, na macho yangu tayari yalikuwa kwa mtu aliyemfuata. Nikamwambia, "Tuko pamoja, dada."

Hakuachilia mkono. Akaniuliza, "Tuko pamoja wapi, Mchungaji?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Akasema kwa upole sana, "Sitaki kukukosea heshima. Lakini Alhamisi saa kumi na moja alfajiri mimi huwa niko steji na Mama, nimemshika asianguke. Wewe huwa uko wapi?"

Watu walikuwa nyuma yake wanangoja. Nikasema tutaongea. Hilo nalo ni neno la aina hiyohiyo, mnalijua.

Alasiri hiyo nilifungua simu nikapanda juu kwenye grupu mpaka mwanzo wa mwaka. Dada huyu alikuwa ameandika mara 5. Chini ya kila ujumbe wake kulikuwa na msururu: Amina, Mungu ni mwaminifu, picha ya mikono miwili iliyoshikana, usiku wa kulia umeisha, mikono tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika "Tuko pamoja katika maombi" mara 4. Nikajiuliza, niliomba lini? Nilikumbuka mara moja. Nilikuwa ndani ya matatu, nikasinzia kabla ya kumaliza.

Katika jibu hata moja, langu au la mwingine yeyote, hakuna aliyeuliza: ni siku gani? Ni hospitali gani? Unahitaji mtu wa saa ngapi? Haya ndiyo yale maswali ya lugha ya kawaida.

Yakobo aliliona jambo hili mapema. Katika sura ya 2 anamzungumzia mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, apate joto, ashibe, na hampi kitu. Maneno yale ni mazuri. Ni baraka kamili, ungeweza kuyatumia kufunga ibada. Nadhani yule ndugu mwenye njaa alikuwa ameyasikia mara nyingi, na kila akiyasikia alijua maana yake halisi: ondoka.

Mzee mmoja wa kanisa alinifuata baada ya ibada akanipinga, na nataka kumtendea haki kwa sababu alikuwa na hoja. Alisema, "Mchungaji, ukiwatisha watu hivi wataogopa kufungua mdomo. Neno likirudiwa si dhambi." Ni kweli. Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mmoja unaishia kwa maneno yaleyale. Bwana Yesu alipokuwa Gethsemane aliomba mara ya tatu akisema neno lilelile. Mathayo ameliandika katika sura ya 26. Mtu akilemewa kweli hatafuti maneno mapya. Na tunaye mama mmoja mzee hapa, masikio yake hayasikii vizuri tena, ambaye hukohoa getini na kusema "Bwana asifiwe" kabla ya kuingia boma lolote. Amesema hivyo miaka yote ninayomjua. Mimi nikiisikia sauti hiyo huwa najua Bwana amesifiwa. Sijui nieleze vipi tofauti iliyopo, lakini hata watoto wanaijua. Kwake hawachori vijistari.

Kwa hiyo mzee wangu, sikatazi. Nauliza tu neno limebeba nini.

Chukua "Amina". Katika Kiebrania inatoka kwa mzizi wenye maana ya kitu imara, kitu cha kuegemea. Katika Kumbukumbu la Torati 27 watu wanaisema mara 12, na kila mara ni baada ya laana: anayeondoa mpaka wa jirani, anayempoteza kipofu njiani, anayepotosha hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Hapo hakuna kinanda. Ukisema Amina umeweka kidole chako kwenye karatasi.

Halafu njoo Nehemia 5. Watu wanajenga ukuta, lakini kuna kilio. Maskini wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, watoto wao wamekuwa watumwa, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe wa Kiyahudi. Nehemia anakasirika. Angeweza kuwaambia tuombe. Anaitisha mkutano, anawakabili wakubwa uso kwa uso, anataja kila kitu kwa jina: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, riba ya fedha na nafaka. Wanakubali kurudisha. Naye anawajua wanadamu. Anawaita makuhani anawaapisha, kisha anakung'uta vazi lake mbele yao kuonyesha vile Mungu atakavyomkung'uta asiyetimiza. Mkutano wote ukasema Amina, wakamsifu Bwana. Na mstari haujaishia hapo. Unasema watu wakafanya kama walivyoahidi.

Amina hiyo ilirudisha mashamba. Yetu ya Jumapili imerudisha nini? Sisemi kwa kudharau. Kuna mtu anayesoma hapa ana deni la ndugu yake wa kanisa tangu mwaka jana, na wakikutana wanapigana pambaja na "Mungu ni mwema" - "kila wakati". Wewe unajijua. Anza na hilo.

Mimi nilianza Alhamisi. Nilifika steji saa kumi na moja kasorobo kwa sababu niliogopa kuchelewa. Dada alinisalimia kana kwamba tulikuwa tumepanga, akanionyesha namna ya kumshika mama chini ya kwapa, upande usio na ule mshipa wa mashine, kisha akanipa mfuko wenye chupa ya chai na leso, akaenda sokoni. Ndiyo, alituacha. Sikuwa nimejua kwamba hicho ndicho alichokuwa anakihitaji. Ningeomba mwaka mzima bila kuomba hicho.

Nilikaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana. Nilikuwa nimebeba Biblia nikidhani nitamsomea mgonjwa. Hakutaka. Alitaka nimweleze kwa nini bei ya unga imepanda, na kama ni kweli shamba la jirani yao kule nyumbani limeuzwa. Alilala, akaamka, akaniuliza saa. Wakati mmoja alishikwa na baridi, nikamfunika leso, nikataka kusema kitu cha kichungaji. Maneno yote yalikuwa pale tayari, yamejipanga. Nikanyamaza nikamshika miguu.

Niongeze moja, mcheke. Kufikia Jumatatu jioni grupu yetu ilikuwa imejaa "wapi?" Mtu akiandika tuko pamoja, kumi wanamjibu "wapi?" na picha za kucheka. Tumepata msemo mpya ndani ya siku moja. Yeremia angetuelewa. Naomba tuuache kabla binti yangu hajatafuta karatasi.

Daftari liko mlangoni, kwa dada wa zamu ya kupokea wageni. Kurasa zake zina siku na saa tu. Alhamisi ya wiki hii imepata mtu, na inayofuata pia. Jumatatu zote mbili bado ziko wazi. Gari ya kwanza inatoka steji saa kumi na moja na robo alfajiri, na mama anataka kiti cha mbele.